Dhamana ya Mpaka Getini

Palikuwa na yadi ya magari, yadi ikawa na geti, na geti lilikuwa la Shamte, tajiri aliyeuza mikweche iliyopakwa rangi mpya.

"Dhamana yangu inafunika kila kitu," alijigamba. "Injini, giaboksi, hata taa. Ila ukivuka geti, imekwisha."

"Nimeridhika, bwana," alisema Bi Mwanakheri, akalipa. Akaendesha hadi katikati ya geti, akazima gari, akajimiminia chai.

"Vuka, mama! Wateja wamekwama nje!"

"Injini inakohoa. Nikivuka, nani ataitibu?"

Jasho likimtiririka, Shamte akaita mafundi. Wakabadilisha injini, kisha giaboksi, kisha taa.

Bi Mwanakheri akavuka akipiga honi. Mteja aliyefuata akaingia, akalipa, akaendesha hadi getini, akazima gari, akatoa kikombe.

"Bwana Shamte, sukari ipo?"