Barua ya Poda

Wapendwa, kabla sijafika mbali niwaulize wa umri wangu: nani hapa anakumbuka barua ya poda? Msijifiche, nawajua. Unaandika kurasa mbili, unanyunyizia poda kidogo ndani, unafunga bahasha kwa ulimi, na huko inakokwenda mtu akiifungua tu anajua imetoka kwa nani, hata jina hajalisoma. Siku zile zilikuwa na raha yake, jamani.

Basi palikuwa na mama mmoja, karani katika shirika la kuhudumia wasioona. Yeye ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa sanduku la posta. Akirudi na mfuko, ofisi nzima inanyanyuka, kila mtu anauliza kama yake imo. Na yeye mwenyewe alikuwa na mdogo wake wa kike, anasoma bweni mbali, wakiandikiana hizo hizo za poda. Mdogo alikuwa haanzi barua bila maneno yetu yale ya zamani, "Hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Karani alikuwa akiyasoma jikoni, anacheka peke yake mpaka mboga inaungua.

Wakaja kukosana. Mama yao alipofariki, mdogo alichelewa njiani, akafika watu wametoka makaburini. Karani, kwa uchungu aliokuwa nao, akamwambia mbele ya waombolezaji kwamba amefuata wali wa msiba. Mdogo aligeuza siku ile ile, simu akaacha kupokea, na mwisho namba yenyewe akaibadilisha.

Miaka ikapita. Shirika likaamua liwe na barua pepe zake lenyewe, akaletwa fundi, mtu mcheshi na kazi anaijua. Akachukua kompyuta moja akaiwekea mfumo uitwao Linux, akaifanya seva, yaani ndiyo posta ya ofisi nzima. Ukitaka barua zako unafungua ukurasa, unaandika jina na neno la siri, unasoma. Wakati anaijenga aliufunga mlango wa kupokelea barua za nje, maana mtandaoni wahuni hawalali, akasema ataufungua akimaliza. Alipomaliza akapita meza kwa meza: mhasibu amwandikie dereva, dereva amwandikie mkurugenzi. Kufumba na kufumbua zimefika zote. Watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa, na katika furaha hiyo fundi akausahau mlango.

Karani akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akakumbuka poda. Anwani ya kazini kwa mdogo wake aliipata kwa binamu yao. Akaandika: "Mdogo wangu, siku ile ya msiba nilikukosea. Nisamehe." Dada mkubwa kumwangukia mdogo, mnajua wenyewe ilivyo ngumu kwetu. Akabonyeza, ikaenda.

Kesho yake hakuna kitu. Wiki nzima hakuna kitu. Kila asubuhi anafungua hata mtandio hajavua, anakuta mhasibu anatangaza chai iko tayari. Laiti angewauliza wenzake, angejua hakuna hata mmoja aliyekuwa akipata jibu kutoka nje. Lakini sisi tulivyo, nani atasimama katikati ya ofisi aseme ameandika akanyamaziwa? Kila mmoja alidhani amepuuzwa yeye peke yake, akaificha aibu yake. Mchana wanaandikiana wao kwa wao, wanasifu mtambo. Karani mwisho akaacha kufungua. Alijiambia mdogo wake hajamsamehe, tena ana haki, na jambo hilo likamuuma kuliko msiba wenyewe.

Siku moja mlinzi akaja kumwita, ana mgeni getini. Akatoka. Akamkuta mwanamke ameshika begi, miguu imejaa vumbi la safari. Ni mdogo wake.

"Dada, kama hunitaki si ungeniambia tu?"

"Nani hakutaki? Mimi niliyekuandikia, wewe ukakaa kimya?"

"Nilikujibu siku ile ile, ikarudi. Nikaandika tena, ikarudi. Ya tatu sikuingoja hata irudi, nikasema basi, ngoja niende mwenyewe."

Fundi akaitwa. Akaangalia kidogo, akashika kichwa, akaufungua ule mlango. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kunywa chai. Nao ndugu wawili wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta, mkono wa mmoja kwenye goti la mwenzake, ikaingia barua ya mwisho, iliyokuwa bado inahangaika njiani: "Hofu na mashaka ni juu yako, dada, uliye mbali na upeo wa macho yangu." Karani akaanza kuisoma kwa sauti, akaishia katikati. Ikabidi mdogo amalizie.

Sasa sisi je? Tunapiga magoti tunaomba msamaha, halafu tunakaa wiki, tunakaa mwaka, tunasema Mungu kaninyamazia. Nani kakwambia? Alikujibu siku ile ile. Mlango wa kupokea tuliufunga wenyewe, siku tulipoumizwa tukaogopa, na kuufungua tumesahau. Jumapili tunapeana mikono humu ndani, amani kwako, amani kwako, tunadhani mtambo ni mzima. Na wengine mlioketi hapa mmeshaacha hata kungojea. Mmejihukumu wenyewe mkamaliza.

Lakini yeye majibu yake yalipokuwa yanarudi, hakutususa. Alisema, ngoja niende mwenyewe. Ndiyo maana akazaliwa kwetu, akatembea kwa miguu kwenye barabara zetu. Yuko getini, wapendwa, na vumbi la safari bado liko miguuni. Inuka ukamfungulie.