Kiti Kimoja cha Kilimamawe

"Sheria inaanza saa ngapi?"

Zawena aliuliza nyundo ikiwa mkononi, jicho la kushoto, lililorukiwa na kokoto, limefungwa kitambaa. Mbele yake walisimama watu wazima watatu waliokuja kumpa habari njema ya sheria mpya. Mama Kihiyo alitazama viatu vyake. Ustadhi Shekimweri alikohoa. Navoneiwa, ambaye huwa hakosi jibu, alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha. Mtoto akarudi kwenye jiwe lake. Ko, ko, ko.

Sogeeni niwaeleze hao watatu, maana mzigo huu mwishoni nitawatwika ninyi.

Kilimamawe ni mji wa machimbo ya kokoto. Mama Kihiyo, kiongozi wa akina mama wa kanisani, alijaliwa milango: hakuna nyumba iliyowahi kumfungia. Ustadhi Shekimweri, mwalimu wa madrasa, alijaliwa dua. Akiinua mikono, hata mgomvi hushusha sauti. Navoneiwa, binti wa kwaya anayesomea sheria chuoni, alijaliwa ubishi. Mama yake aliuita ugonjwa.

Walitaka kitu kimoja: sheria ndogo ya halmashauri itakayowatoa watoto machimboni na kuwarudisha darasani. Kamati ya dini zote ikakaa, ikaiandika jinsi watu wa dini wanavyoandika. Ikawa mahubiri. "Wazazi na watubu," ilisema, tena na tena. Mwenye machimbo hakutajwa popote. Madiwani waliisoma kwa kupokezana huku wakicheka, na mmoja akauliza sadaka itapitishwa saa ngapi.

Kazi ikaanza upya.

Akina mama wa Kilimamawe husali kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Zamu ya Mama Kihiyo ilipofika, alisema, "Wiki hii nyumba yangu ni machimboni." Wakaenda na sare zao za vitenge, wake wa madiwani wakiwamo, wakaketi juu ya mawe yanayochoma, na nyimbo zao zikapigiwa mdundo na nyundo za watoto. Mama yake Zawena akamwuliza, "Nikimtoa, tutakula nini?" Mama Kihiyo hakumjibu kwa aya. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, akakaa naye akipasua mawe, hadi wakaafikiana na wazazi wote: akina mama wa kanisa na wa msikiti watapika uji shuleni, na mtoto atakayekwenda shule hatalala njaa. Magoti ya Mama Kihiyo hayajapona hadi leo.

Navoneiwa naye aliichukua ile rasimu akaitoa toba yote, akaweka adhabu, tena kwa mwenye machimbo, si kwa mzazi. Kwenye mkutano wa hadhara, mwenyekiti wa wenye machimbo alisimama akasema watoto wale wanawasaidia wazazi wao, hayo ndiyo malezi ya Kiafrika, na hawa wanataka kuyavunja.

"Shikamoo, mzee," alisema Navoneiwa. "Wa kwako wanakusaidia kwenye machimbo gani?"

"Wa kwangu wako bwenini."

"Kumbe wewe ndiye uliyeanza kuyavunja."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kila tundu walilotoboa wenye machimbo kwenye rasimu, yeye aliliziba. Mitihani ya chuo ilifanyika akiwa Kilimamawe anaziba matundu. Sasa anarudia mwaka.

Ustadhi je? Halmashauri huwaita viongozi wa dini wafungue kikao kwa dua, kisha huwaonyesha mlango. Ustadhi akaupokea mwaliko kwa adabu, akainua mikono. "Ee Mola, mwenye machimbo atakayemtumikisha mtoto, na afungiwe machimbo yake."

"Amina," waliitikia madiwani.

"Na shule isimrudishe mtoto kwa kukosa sare."

"Amina."

Aliiomba rasimu yote, kifungu baada ya kifungu, na hakuna aliyethubutu kukatiza dua. Wakati wa kura, diwani mmoja alipoanza kuguna, jirani yake alimnong'oneza, "Uliitikia amina mbele ya watu, mzee mwenzangu. Utaikana?" Sheria ikapita. Tangu siku hiyo wenye machimbo hawapokei salamu ya Ustadhi, hata msikitini.

Basi, tufurahi? Bado. Sheria ile haianzi kazi hadi kamati ya kuisimamia ikae, na watu wa dini wamepewa kiti kimoja. Anayekikalia ndiye mwenye sauti ya kufunga machimbo. Mwenyekiti wa halmashauri aliwaambia, "Leteni jina moja kufikia Ijumaa. Mkishindwa, kiti kitakwenda kwa wenye machimbo. Wao jina wanalo tayari."

Alhamisi wakakutana barazani pa madrasa. Chai ilipoa bila kuguswa.

"Nipeni mimi," alisema Mama Kihiyo, kama mtu anayeomba kukaa kwenye basi. "Wazazi wananijua. Akikaa mwingine, watoto watafichwa."

"Wazazi sio watakaokuwa mezani, dada," alisema Ustadhi. "Pale anatakiwa mtu wasiyeweza kumkatiza. Mimi walinisikiliza hadi mwisho."

"Walisikiliza maneno yangu, Ustadhi," alisema Navoneiwa.

"Maneno yako, mwanangu. Kinywa changu."

"Kila mkutano mnasema vijana ni taifa la kesho," alisema Navoneiwa, "kisha mnaniambia nikusanye vikombe."

"Vikombe vyenyewe huwa naviosha mimi," alisema Mama Kihiyo, na hapo wote watatu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Wakapiga kura. Kila mmoja akapata moja.

Navoneiwa alikuwa na hoja nyingine, nzuri, ya kuwamaliza wote wawili. Aliitafuta nguvu ya kuisema, hakuiona. Kuwashinda hawa kungemsaidia nini, nao ndio wenzake pekee? Ng'ambo ya barabara nyundo ziliendelea. Ko, ko, ko. Kati ya hizo, moja ilikuwa ya Zawena.

Mlango usingefunguka, wazazi wangekataa. Ubishi usingekuwapo, sheria ingebaki mahubiri. Dua isingeombwa, madiwani wangeitupa. Na kiti hakigawanyiki. Je, wewe ungeamua vipi?

Usinipe pole, wala usiniambie wote wanastahili. Hilo hata wenye machimbo wangependa tulale nalo. Kesho ni Ijumaa, na mtoto bado anangoja kuambiwa saa. Tafadhali, nitajie jina moja.