Fisi, Panya Buku na Kiti cha Begi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na begi!
— Begi la nani?
— La bosi!
— Na anayelibeba?
— Sisi!

Eeh! Mnavyoitikia, inaonekana wote hapa mmeshawahi kujitolea. Basi sikilizeni. Kila nikisema "Bosi kasema", nyinyi mjibu "Tumesikia". Tena msijibu kwa sauti ya kuomba kazi. Jibuni kama watu mlioshiba.

— Bosi kasema!
— Tumesikia!

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana digrii zilikuwa zimeshaanza kuzagaa, palikuwa na Panya Buku. Mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko ya suruali. Jina Buku, mfukoni hata buku hana. Alisoma, akasoma, akapata digrii ya Uhifadhi wa Nafaka Kavu, akapiga picha na joho, mama yake akaitundika juu ya kitanda. Akaomba kazi huku: "Una eksipiriensi?" Akaomba kule: "Una eksipiriensi?" Hiyo eksipiriensi inauzwa duka gani, hakuna aliyemwelekeza. Mwishowe akaenda kujitolea Idara ya Mifupa na Mabaki, ambako bosi alikuwa Fisi.

Kujitolea mnakujua. Unafika wa kwanza, unaondoka wa mwisho, na siku ya mshahara unatumwa ukawaletee wenzako soda. Ripoti anaandika Buku, anasaini Fisi. Mifupa anapanga Buku, anatafuna Fisi. Semina anaandaa Buku, anakula Fisi, tena kinachobaki anakisokomeza uvunguni mwa meza yake: mchele wa semina, kunde za warsha, soya za kongamano. Buku akiuliza habari za posho, Fisi anamkumbatia. "Kijana, sisi hapa ni familia."

Siku moja Baraza la Pori likaipa idara zawadi: viti viwili kwenye kindege cha rubani Korongo, mapumziko ng'ambo, kwenye nchi ya theluji. Kiti kimoja ni cha bosi, na cha pili, Baraza lilitamka mbele za watu, ni cha aliyefanya kazi.

Moyo wa Buku ukaenda du-du-du-du! Akakimbia nyumbani, akamwambia mama. Mama akaisema juu ya ua, na mtaa mzima ukajua. Nasi tunajijua: mtu mmoja akipata safari, mtaa mzima umepata posta. Vifurushi vikaanza kuingia.

Akaja Mama Kanga. "Buku mwanangu, kunde hizi mpelekee Kidoti wangu. Huko wanamlisha mikate mikavu kama mgonjwa."

"Zitafika, mama."

Akaja Mzee Kobe, taratibu, na pakiti ya ubuyu. "Mjukuu wangu, huu mpe mwanangu Tarangwe."

"Shikamoo babu. Tarangwe anakaa mji gani huko?"

"Marahaba. Hajafika bado. Aliondoka kwa miguu. Ukimkuta njiani, umpe."

Asubuhi Buku akatinga ofisini, kachana nywele, vifurushi mgongoni, pasipoti shavuni. Pasipoti hiyo aliikata tangu chuo, safi kama imetoka kiwandani. Haijawahi kugongwa muhuri hata na nzi.

"Shikamoo bosi. Nimekuja tujipange na safari."

Fisi akacheka: "Ihihihiii! Safari ipi?"

"Ya ng'ambo, bosi. Kiti cha pili."

"Kiti cha pili ni cha begi langu."

"Cha nani?"

"Begi! Begi langu ni la bei mbaya, haliwezi kulala gizani na mabegi ya watu wasiojulikana. Litakaa dirishani."

"Lakini bosi, Baraza lilisema..."

"Dis izi noti mai problemu! Wewe utalifungasha. Hiyo ni oportuniti, kijana! Utaandika kwenye sivii: nimefungasha begi la safari ya kimataifa. Na hivyo vifurushi niachie. Vitaondoka na mimi."

— Bosi kasema!
— Tumesikia!

Buku akameza mate, na pasipoti karibu aimeze nayo. Angerudije mtaani? Mama keshatangaza. Mama Kanga keshaanika kunde, akazipepeta, akazifunga. Akasema tu, "Sawa bosi."

Akatumwa uwanjani kuchukua tiketi. Kufika pale, akamwona Bata na kapu lake wakipandishwa juu ya mizani, wote wawili, kapu na mwenye kapu. Ng'wiii! ikalia mizani. Korongo akasoma, akamruhusu. Buku akaona. Buku akanyamaza. Na nyinyi mlioona, nyamazeni.

Aliporudi, Fisi alikuwa keshamwaga nyumba nzima sakafuni. Mashati, masweta, makoti, kabuti la marehemu babu yake, kaptula ya kuogelea, sufuria, pasi ya mkaa na mto.

"Bosi, ng'ambo hakuna mito?"

"Ipo, lakini haina harufu yangu. Weka!"

Buku akaweka. Fisi akalikalia begi. Zrrr... kwa! Zipu ikagoma. Akalirukia. Zrrr... kwa!

"Bosi, kuna vitu itabidi tupunguze."

"Sipunguzi hata soksi!"

"Bosi, niseme au ninyamaze?"

"Sema!"

"Nguo ikiwa begini ni mzigo. Nguo ikiwa mwilini ni heshima. Na huko kuna baridi."

Fisi akamtazama Buku kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akavaa. Shati juu ya shati, sweta juu ya shati, koti juu ya sweta, kabuti juu ya koti. Jasho chururu! Jua la saa sita linachoma, yeye kasimama katikati ya ofisi kama godoro linalosubiri gari.

"Naisi," akasema. "Na hivi vifurushi vya hao wa mtaani kwenu?"

"Bosi, niseme au ninyamaze?"

"Sema!"

"Begini vinakaguliwa. Tumboni hakuna mkaguzi. Tumbo halina zipu."

Fisi akalamba midomo. "Akili yako nzuri, sijui kwa nini hupati kazi. Ngoja kwanza nikale chakula cha mchana, nikirudi nitavishughulikia."

Mmesikia hilo? Anaenda kula, ili akirudi ale.

Fisi akienda chakula cha mchana, mnaweza kujenga nyumba mkapaua. Buku akaingia uvunguni mwa meza. Chaka chaka chaka! Kunde za Mama Kanga akazitoa kwenye karatasi yake, akazivisha soksi ya bosi, akazitia chini kabisa ya begi; kwenye karatasi akajaza kunde za warsha. Ubuyu wa Mzee Kobe kwenye soksi ya pili, chini ya mto; kwenye pakiti yake mchele wa semina. Na kila kifurushi cha mtaa hivyo hivyo, mpaka uvungu wa bosi ukabaki na utando wa buibui. Zrrrrrip! Zipu ikafunga bila kinyongo.

Fisi akarudi, akakaa chini, akaanza. Kacha kacha kacha! Mbichi, kavu, bila hata chumvi.

"Kunde za huyu Kanga," akasema mdomo umejaa, "mbona zina ladha ya warsha?"

"Naye huwa anahudhuria, bosi."

Kacha kacha kacha! Mchele. Kacha kacha kacha! Soya. Mwizi anakula akiba yake mwenyewe, na anaifurahia kwa sababu anadhani ni ya watu.

"Jambo la mwisho, bosi. Nimekujazia madumu ya maji ya kisimani kwetu. Ng'ambo nasikia hata maji wanauziana."

"Wananiuzia mimi? Beba yote!"

— Bosi kasema!
— Tumesikia!

Wakaenda uwanjani. Buku mbele na begi na madumu, Fisi nyuma na makoti. Getini wakamkuta mkaguzi Nguchiro, macho makali, kofia imembana.

"Maji hayapiti," akasema Nguchiro. "Mwaga au kunywa."

"Nimwage?" Fisi akang'aka. "Mimi? Kitu changu?"

Akainua dumu. Gulu gulu gulu gulu! Akainua la pili. Gulu gulu gulu gulu! Akalipiga-piga kitako, tone la mwisho likadondoka ulimini.

Sasa, hapo ndipo digrii ya Buku ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza tangu picha yake itundikwe juu ya kitanda. Nafaka kavu ukiipa maji inafanyaje? Semeni nyinyi, msioajiriwa!

— Inavimbaaa!

Foleni ilikuwa ndefu na jua halina huruma. Tumbo la Fisi likaanza: ngurukuku... ngurukuku... Kifungo cha kabuti, pa! Kifungo cha koti, pa! Abiria aliyekuwa mbele akageuka kusalimia, akapigwa na kifungo cha sweta, pa!

"Bosi, unajisikiaje?"

"Kama... mkutano mkuu," Fisi akahema.

Wakafika kwa Korongo. "Begi juu," akasema Korongo. Mizani ikalia ng'wi. "Safi. Linatosha kitini."

Fisi akaanza kuelekea kwenye ndege kwa mwendo wa bosi.

"Na wewe, mheshimiwa. Juu."

"Mimi ni bosi, mimi si mzigo!"

"Mizani haikujui."

Fisi akapanda. NG'WIIIIIIII! Mshale ukazunguka, ukatafuta namba ya kusimama, ukaikosa, ukalala.

— Mizani imesema!
— Tumesikia!

"Vua," akasema Korongo.

Akavua kabuti. Ng'wiii! Akavua makoti. Ng'wiii! Akavua masweta, akavua mashati, watu wameacha foleni wamekuja kutazama, watoto wamebebwa mabegani. Akabaki na kaptula ya kuogelea na tumbo. Ng'wiiiiii!

"Bado umezidi," akasema Korongo. "Tena kilichozidi ni hicho hapo mbele yako."

"Hiki nitakitoaje?"

"Choo kile pale. Ila wingu lile linakuja, na mimi sisubiri choo cha mtu. Ndugu yangu, huendi."

Fisi akatazama ndege. Akatazama begi. Uchungu ukampanda, na si uchungu wa kubaki. Ni uchungu wa kiti kwenda bure.

"Basi kama mimi siendi, begi langu liende! Kiti chake kipo! Likae dirishani kama nilivyosema! Siachi kitu mimi!"

"Begi haliruki peke yake," akasema Korongo. "Linaruka na aliyelifungasha, ili likiulizwa kilichomo, awepo wa kujibu. Hili kalifungasha nani? Wewe?"

Sasa hapo, ndugu zangu, Fisi angesema "mimi", hadithi ingeishia pabaya. Neno moja tu. Lakini tumbo limezidi, na kiburi nacho hakijawahi kupungua.

"Mimi?" Fisi akafoka. "Mimi nifungashe begi? Bosi mzima? Unanionaje wewe? Kafungasha huyo!"

Korongo akamgeukia Buku. "Wewe ndiye uliyefungasha?"

"Ndiyo, rubani. Kila kilichomo nakijua."

"Wewe ni wa idara hii?"

"Huyo anajitolea tu!" Fisi akapayuka.

"Bosi," akasema Buku kwa upole kabisa, "si ulisema sisi ni familia?"

Watu wakacheka mpaka Nguchiro akavua kofia. Buku akaitema pasipoti, akaifuta kwenye manyoya, akaionyesha. Akapanda mizani. Kimya. Haikusema hata ng'. Korongo akaigonga-gonga akidhani imeharibika.

— Mizani imesema!
— Tumesikia!

Begi likakaa dirishani, likafungwa mkanda, kama bosi alivyoagiza. Buku akakaa kwenye kiti cha bosi. Vuuuuum! Wakapaa.

Wakiwa hewani Buku akachungulia juu ya begi, akaona chini barabarani kitu kidogo cha mviringo kinakwenda, kinasimama, kinakwenda. "Rubani, shuka kidogo!" Akafungua kidirisha, akarusha soksi ya pili. "Kaka Tarangwe! Babu kakutumia ubuyu!"

Tarangwe akainua shingo. "Mwambieni nimekaribia!"

Na kunde zikamfikia Kidoti. Alizipika na nazi, akalia machozi, akasema soksi hiyo inanuka nyumbani. Hakuna aliyemwambia ni nyumbani kwa nani.

Fisi? Aligoma kushuka kwenye mizani. Akakaa pale, akisubiri tumbo linywee, makalio yanazama kidogo kidogo, mpaka yakakubali. Ndiyo maana hadi leo mbele kasimama, nyuma kakaa. Mkimuuliza kulikoni, atawachekea tu: ihihihiii!

Naye Buku, likizo ilipokaribia kwisha, akaenda kuomba kazi kwenye ghala moja hukohuko kwenye theluji. Wakamuuliza lile swali. Mnalijua.

"Una eksipiriensi?"

"Ninayo," akasema Buku. "Nimefungasha begi la safari ya kimataifa."

Wakampa kazi. Yenye mshahara. Mama yake alipopigiwa simu, aliipandisha ile picha ya joho ikakaa juu zaidi ukutani.

Basi ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha, vijana, tujitolee kwa moyo wote na tusiulizie posho. Tuwatii mabosi. Wakisafiri, tuwafungashie kwa upendo, tuwavike vizuri wasipate baridi, tuwashauri kila wanapohitaji ushauri. Na maji, jamani. Tuwape maji mengi.

Hadithi yangu zipu imefika mwisho. Ikiwa imekolea, ni kwa kuitikia kwenu. Ikiwa chumvi imezidi, hiyo ni ya kwangu, ninayo nyingi, na hakuna aliyeniajiri kuipunguza.

— Bosi kasema!
— ...

Ala! Mmenyamaza? Vizuri. Mmeelewa.