Godoro la Binti wa Mfua Nguo

Kaeni vizuri, wapendwa. Viti ni laini, najua.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefulia watu nguo. Sabuni ilikuwa imemchubua mikono, lakini mwaka ule hakujali, maana binti yake alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni, na shule ile haimpokei mtoto bila godoro. Siku zote alifunga akiba yake kwenye pindo la kanga. Ndipo duka kubwa la mjini likatoa kadi: weka humo kidogo kidogo, siku ukiwa tayari uje uchukue mali. Akasema moyoni, pindo la kanga hufunguka kila jirani akija na shida, kadi haitafunguka. Akawa anapeleka alichopata, na kadi yenyewe akaifunga pindoni. Wanawe wakilalia chai ya rangi, haigusi. Nani kati yetu hakufundishwa hivyo na mama yake, kwamba akiba haichezewi?

Siku ya safari wakaenda dukani. Godoro likateremshwa, binti akalikumbatia. Dada wa kaunta akapitisha kadi kwenye mashine, akairudia tena.

"Mama, iliyobaki hapa hainunui hata mto."

"Haiwezekani, mwanangu. Sijaigusa hata siku moja."

"Ndiyo sababu. Kadi isipotumika inakatwa kila mwezi. Na kila ulipokuwa unaweka, ilikatwa kidogo."

"Inakatwa kwa kosa gani? Mbona bosi ninayemfulia anayo ya hapa hapa, na inakaa kabatini?"

Yule dada akainamisha kichwa. "Wanaoweka nyingi hawakatwi, mama. Wao huongezewa zawadi."

Binti akaliachia godoro. Hakulia, na hilo lilimuumiza mama yake kuliko kilio.

Ungekuwa wewe, ungemshtaki nani? Masharti yote yalikuwa nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Hakuibiwa, wanatuambia. Amekatwa tu. Nauliza, mwizi wa kuku tunamchoma moto, huyu tunamwitaje?

Tunamwita mgeni rasmi. Jumapili iliyofuata mama yule alikuja ibadani, akaketi nyuma kabisa, na mbele alikuwa amekaa mwenye duka. Alikuwa ameliletea kanisa zima viti vipya vya sponji. Mchungaji akasema, "Mpigieni makofi ya kilo." Kanisa likapiga. Mama naye akapiga, kwa mikono ile iliyochubuka. Angefanyaje?

Sisi ndio tunaouliza kila siku mbona Mungu hasikii kilio cha maskini. Anasikia. Ni sisi tuliokifunika kwa makofi. Kila kinachoingia mlango ule tunakiita baraka, na hatuulizi kimetoka mgongoni mwa nani.

Mnataka kujua godoro la yule binti lilikwenda wapi? Simameni kidogo, mgeuke, mtazame mlichokalia.