Mwezi Haungoji Jumamosi

Mwezi haungoji Jumamosi. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia kaka yenu, anayeahirisha kila wiki kwenda kumjulia hali bibi yenu, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi yalizaliwa Ujerumani, katika mji wa Bremen, jikoni kwa Shekue, mtu wetu aliyehamia huko, na aliyeyasema kwanza ni mama yake, Bi Mwanakombo wa Pangani.

Bibi huyo alikuwa amekwenda kumtembelea mwanawe na familia yake mwezi wa Ramadhani. Furaha yake kubwa huko ilikuwa mjukuu wake Nuriyati, aliyefunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, wenzake shuleni wakila mbele ya macho yake. Bibi alimshonea gauni, akamwahidi kwamba asubuhi ya Idi atalivaa, wale tambi, kisha wawapelekee majirani sahani zao.

Mwezi ukaandama Jumanne jioni. Shekue akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "Kesho kazi na shule. Idi yetu tutaila Jumamosi, mama. Huku ndivyo tulivyozoea. Majirani nao watakuja na keki zao."

Hasira zilimpanda Bi Mwanakombo. Keki haikumuudhi, na majirani hakuwa na ugomvi nao. Kilichomkera ni huyu mwanawe, aliyelelewa akiamshwa na takbira, kuisogeza Idi kama anayesogeza kiti. Hata hivyo alijizuia, maana nyumba ya watu ina wenyewe.

Asubuhi alimkuta Nuriyati amevaa nguo za shule, kikombe cha maziwa mbele yake hakijaguswa.

"Kunywa, mke mwenzangu."

"Nimefunga, bibi."

"Umefunga nini leo?"

"Si baba kasema Idi Jumamosi? Nimekula tende za daku. Siku zilizobaki nitaziweza."

Hapo uvumilivu ulimwishia. "Shekue! Njoo uone ulichokifanya! Mtoto anafunga siku ambayo kufunga ni haramu! Kamaliza mwezi wake, na wewe baba yake unamnyima siku yake? Krismasi ya wenzako huisogezi, unakaa nyumbani umenyoosha miguu. Idi yako ndiyo ya kungoja nafasi? Mwezi haungoji Jumamosi!"

Shekue alisimama na viatu mkononi. "Mama, sikufikiri..."

"Hukufikiri! Ndilo ninalolisema."

Shekue akamtazama bintiye. Aliona aibu. Akapiga simu kazini, kisha shuleni, halafu akamshikia mtoto kikombe kwa mkono wake. "Fungua, mwanangu. Leo ni Idi. Nisamehe."

Gauni likavaliwa, tambi zikaliwa, wakaenda kuswali.

Jumamosi majirani walikuja vilevile. Biriani ilipakuliwa, keki ikakatwa, na Bi Mwanakombo akaongezwa kipande cha pili. Jirani mmoja akamuuliza Nuriyati kama hiyo ndiyo Idi yao.

"Hapana," mtoto akajibu, akimwangalia baba yake. "Idi ilikuwa Jumatano. Leo tunawakaribisha nyinyi tu. Mwezi haungoji Jumamosi."