Mdimu wa Nyevu

Nikiita mtaniitika? Haya. Ilikuwa enzi mawe hayajakauka. Msiniulize ni lini. Babu wa babu yangu aliuliza, akakosa jibu.

Palikuwa na kijiji chenye midimu kila ua. Kila mwaka mvua zikikatika, vipepeo weusi wenye madoa ya manjano walijaa kote. Watu waliwaona ni baraka, na harusi zilifungwa siku hizo tu. Mkuu wa kijiji aliitwa Mwangolo, na mwaka huo alikuwa anamwoza binti yake, Kadzo.

Kabla ya harusi, mvua bado zikinyesha, Mwangolo akaona viwavi wanatafuna midimu yake. Akafoka, "Wadudu gani hawa, kama mavi ya ndege! Wauawe wote!"

Watu wakaua. Wakaponda viwavi wadogo, wakaponda wakubwa wa kijani, wakaponda hata vimayai. Hawakuuliza, wajukuu zangu! Watu wazima na akili zao!

Mjane mmoja tu, Nyevu, alikataa. "Mdimu ni wangu, na wanakula kwangu."

Mvua zikakatika. Kipepeo hakuna, ila uani kwa Nyevu. Mnadhani Mwangolo alijiuliza? Thubutu! Alipiga mbiu: "Nyevu mchawi! Ameiba vipepeo wetu ili mwanangu asiolewe!" Wale wale walioponda viwavi wakaja na mashoka, wakaukata mdimu wake. Sikuwapo, lakini hadi leo roho inaniuma!

Nyevu akaburutwa barazani, mkononi kashika kijiti alichookoa. Juu yake palikuwa na kifukofuko kama jani kavu.

"Uchawi wako ndio huo?" Mwangolo akauliza.

"Huyu ni kiwavi uliyeamuru afe, Mzee Mwangolo. Yai huwa kiwavi, kiwavi hujifunga humu, na humu hutoka kipepeo. Ngojeni."

Wakangoja, wakimcheka. Jua lilipopanda, kifukofuko kikapasuka. Akatoka mdudu mwenye mabawa yaliyokunjamana, akaning'inia. Mabawa yakanyooka polepole, meusi, yenye madoa ya manjano. Akaruka.

Sasa mnangoja Mwangolo aombe radhi? Hakuomba! Alisema, "Hata hivyo, mwanamke huyu ana kiburi. Ahame."

Ndipo Kadzo akasimama. "Baba, vipepeo umewaua wewe. Umeliona kosa lako, na bado unamtwika mwenzako! Mimi siolewi hapa. Aendako mama Nyevu, naenda."

Mchumba wake akainamisha kichwa. Kisha akajitwika mzigo wa Nyevu, akawafuata.

Wakahamia ng'ambo ya bonde, wakapanda midimu, na viwavi wakala walivyotaka. Vipepeo wakarudi huko. Kwa Mwangolo midimu ilistawi, majani tele, harusi hakuna. Kila aliyetaka kuoza mwanawe alivuka bonde kumwomba Nyevu harusi ifungwe kwake. Wenye mashoka nao walikuja, na Nyevu akawapa maji ya kunywa.

Mimi nisingewapa!

Basi ukiponda usichokijua, kikikosekana usitafute mchawi. Kisa nimekitua chini, atakayekibeba asikipunguze.