Kayamba la Mwenyekiti

Mwaka nilipokuwa mwenyekiti wa kijiji, kampuni ya mbegu za kisasa ilinipa kofia, na kofia ikanipanda kichwani. Nikapiga marufuku mtama wa kienyeji, nikapita nyumba kwa nyumba nikiichoma mbegu yake.

Kwa Bi Sechelela, mjane wa jirani, nilikuta vibuyu vitupu.

"Mbegu umeficha wapi?"

"Nifiche wapi, mwenyekiti, nawe unaona kila kitu?"

Nikaridhika, kwa kuwa niliamini hivyo hivyo. Akanizawadia kayamba alilolitengeneza mwenyewe.

"Sauti kama yako haifai kwenda kwaya mikono mitupu. Ila lisilowe, na panya wasilitoboe."

Nililitunza kama mboni ya jicho. Kila Jumapili nililitikisa kanisani, nikasifiwa sana, hasa na mimi mwenyewe.

Msimu ule mvua ilikatika mapema. Mtama wa kisasa ukakauka wote, kofia ikapauka. Siku za kupanda zilipofika tena, kijiji hakikuwa na mbegu. Bi Sechelela akaja kwangu na kisu, akaliomba kayamba, akalipasua. Ukamwagika mtama wetu mwekundu, mkavu, bila hata punje iliyobunguliwa.

"Ahsante kwa kututunzia," akasema. "Nilijua kuna nyumba moja tu ambayo hutaipekua."